SOMO: KUACHA NGANO ILI KUPIMA AFYA

 

Somo letu safari hii ni juu ya mkate. Hapa Mudzipela, na katika mitaa mingine ya Bunia, watu wengi huanza siku kwa chai na mandazi au kipande cha mkate. Mama wengi hulipia watoto masomo kwa kukaanga mandazi na kupika chapati. Lakini yako maneno yanayopita kati yetu: “Ngano ndiyo inayotuharibia tumbo. Acha ngano, utapona.” Mmoja ameyasikia kwa jirani, mwingine katika simu, mwingine anasema ameonyeshwa katika ndoto. Basi tujifunze pamoja: je, kuacha ngano kunaweza kumponya mtu? Ni mtu gani? Naye afanyeje ili ajue ukweli?

1. Danieli aliomba siku kumi

Tusome Danieli, sura ya 1, mstari wa 8 hadi 16. Danieli na wenzake watatu waliomba wapewe mboga na maji kwa siku 10, kisha watazamwe na kulinganishwa na vijana waliokula chakula cha mfalme. Tuone mambo matatu hapo: siku zilihesabiwa, badiliko lilijulikana, na mwenye kutazama alikuwa mtu mwingine. Hawakuwawekea wengine sheria juu ya chakula. Walikubali kupimwa. Na mtu anayekubali kupimwa huwa tayari kupokea jibu lolote, hata lile asilolitaka.

2. Wapo ambao ngano inawadhuru kweli

Upo ugonjwa unaoitwa seliaki. Mwenye ugonjwa huu akila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe, kwa sababu ya kitu kilichomo katika nafaka hizo, nacho ni gluteni. Utumbo ukiharibika, chakula hakiingii vizuri mwilini. Mtu anaharisha siku nyingi, anakonda, damu inapungua. Mtoto hakui na tumbo linavimba. Katika nchi nyingi zilizopimwa, ni kama mtu 1 kwa kila watu 100. Nasi Waafrika tusiseme kwamba ni ugonjwa wa Wazungu tu. Uchunguzi wa watoto Wasaharawi, uliotangazwa mwaka 1999, ulikuta zaidi ya watoto 5 kwa kila 100 wanao.

Habari ya jinsi ugonjwa huu ulivyojulikana ni fundisho kubwa. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa Marekani alitangaza kwamba watoto wenye ugonjwa huu walipona kwa kulishwa ndizi. Watu wakaamini kwamba ndizi ndiyo dawa. Lakini watoto wale walikuwa wameondolewa mkate pia, wala hakuna aliyefikiri kwamba jibu liko hapo. Baadaye, huko Uholanzi, daktari wa watoto Willem Karel Dicke alitazama kwa makini. Katika njaa kuu ya vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulikosekana, na watoto wake wagonjwa wakapata nafuu. Vita vilipokwisha na mkate kurudi, ugonjwa nao ukarudi. Yeye na wenzake wakapima zaidi, na mwaka 1950 akaandika wazi kwamba ngano ndiyo yenye kosa.

Tuone basi: watoto wa Haas walipata nafuu kweli, lakini sababu iliyotajwa haikuwa yenyewe. Na asiyejua sababu, akiona mtoto amepona, atamrudishia mkate, na mtoto ataugua tena.

3. Si kila tumbo linaumwa kwa ajili ya ngano

Hapa kwetu tumbo lina maadui wengi: minyoo, amiba, maji machafu, vidonda vya tumbo. Kwa watu wa Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert, iko bilharzia. Kukonda kunaweza kuwa kifua kikuu. Kupungukiwa damu kunaweza kuwa malaria. Mtoto aliyevimba miguu na uso anaweza kuwa amekosa chakula cha kujenga mwili. Mtoto huyo akikatazwa mandazi na kungojea nyumbani mwezi mzima, tunaweza kumpoteza. Huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tena, wako watu wasio na seliaki ambao tumbo lao hujaa hewa wakila mkate. Katika Chuo Kikuu cha Monash huko Australia, watu 37 waliosema kwamba gluteni inawaumiza walipimwa, na majibu yakatangazwa mwaka 2013. Kwanza walipunguziwa vyakula vyenye sukari za namna fulani zinazotia gesi tumboni, nao wakapata nafuu. Kisha walipewa gluteni kwa siri, bila kujua ni siku zipi wanakula gluteni na zipi hawali. Isipokuwa wachache sana, haikuwaongezea maumivu. Sukari hizo zimo katika ngano, lakini zimo pia katika vitunguu na maharagi. Kwa hiyo mtu anaweza kuacha mandazi, akaendelea na sahani kubwa ya maharagi, akashangaa kwa nini tumbo bado linanguruma.

4. Namna ya kupima kwa haki

Kwanza, nenda kwa mganga kabla ya kuacha ngano. Choo na damu vipimwe. Iko pia hesabu ya damu inayotafuta seliaki. Mwulize daktari kama inapatikana. Hesabu hiyo inasema kweli wakati mtu bado anakula ngano. Ukiacha kwanza na kupimwa baadaye, damu inaweza kuficha ugonjwa ulio nao.

Pili, kama midomo inavimba, mwili unatoka vipele au pumzi inabana mara tu baada ya kula mkate, usijijaribu nyumbani. Hiyo ni hatari ya namna nyingine. Kimbilia hospitali.

Tatu, kama daktari hakuona ugonjwa mwingine na amekubali, weka siku zenye hesabu, tuseme wiki 4. Acha mkate, mandazi, chapati, biskuti, makaroni na pombe ya shayiri. Mambo mengine yabaki kama yalivyokuwa. Ukiacha ngano, na sukari, na mafuta, na kuanza dawa ya miti siku ile ile, hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Nne, andika katika daftari kila jioni: tumbo, choo, nguvu, usingizi. Na mtu wa nyumbani akutazame, kama yule msimamizi alivyomtazama Danieli.

Tano, siku zikitimia, rudia ngano kwa siku chache, uone. Maumivu yakirudi, peleka daftari kwa daktari. Yasiporudi, kula mkate wako kwa shukrani na utafute sababu mahali pengine. Lakini aliyethibitishwa na daktari kwamba ana seliaki asirudie hata kipande kidogo. Kwake ni maisha yote.

5. Kitakachoshika mahali pa mkate

Kwa neema ya Mungu, nchi yetu haitegemei ngano. Muhogo, mahindi, mchele, ulezi, mtama, viazi na ndizi havina gluteni. Lakini tujihadhari. Kilo 1 ya unga wa ngano ina gramu 100 hivi za protini, nayo ni chakula cha kujenga mwili. Kilo 1 ya unga wa muhogo haizidi gramu 20. Mtoto aliyeondolewa mandazi na kupewa bugali wa muhogo peke yake amepunguziwa, hakuongezewa. Mpe pamoja na maharagi, karanga, samaki au sombe. Na muhogo mchungu ulowekwe siku za kutosha na kukaushwa vizuri. Huko Kwango, ugonjwa wa konzo umelemaza miguu ya watu wengi waliokula muhogo ambao sumu yake haikuondolewa.

6. Tusihukumiane

Mama anayeuza mandazi hauzi sumu. Watu walio wengi wanakula ngano bila kudhurika, na sabuni, daftari na viatu vya watoto wake vinatoka katika karai lile. Tusimharibie kazi kwa neno ambalo hatukulipima. Vivyo hivyo, ndugu aliyeacha mkate kwa shauri la daktari asichekwe, wala asilazimishwe kula penye karamu. Na kama ana seliaki, tusimsahau hata penye Meza ya Bwana. Ndugu zetu wa Kanisa la Kimbangu, katika nchi yetu hii, wameshiriki meza hiyo tangu tarehe 6 Aprili 1971 kwa keki ya viazi, mahindi na ndizi, pamoja na asali iliyotiwa maji. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya ugonjwa. Walichukua mazao ya shamba la kwetu.

Na aliyeota ndoto juu ya chakula, tusimdharau. Tumwambie kwa upole: aende akapimwe. Neno la kweli haliogopi kupimwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watu waliamini kwamba ndizi ndiyo iliyowaponya watoto wa daktari Haas?
2. Kwa nini inafaa kupimwa damu kabla ya kuacha ngano?
3. Katika nyumba yako, ni nani mwenye tumbo la siku nyingi ambaye hajafika bado kwa mganga? Utampeleka siku gani?

Bwana awabariki, awape afya ya mwili na roho.