Ahadi ya Mchezaji na Ahadi ya Chuo

Wako wazazi miongoni mwetu wenye watoto hodari wa mbio au wa mpira wa kikapu, nao hutumaini kwamba vipaji hivyo vitawapatia nafasi ya masomo huko Marekani. Njia hiyo si ngeni. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia. Lakini desturi za vyuo hivyo zimegeuka sana, na swali moja yafaa tulipime kwa mizani ya dhamiri: Je, ni haki mchezaji kuiacha timu yake katikati ya msimu ili ahamie chuo kingine?

Tueleze kwanza mambo yalivyo. Zamani mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyehama chuo kikubwa alipaswa kwa kawaida kukaa mwaka mzima bila kucheza. Tangu Julai 1, 2021 wanafunzi wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Na tangu mwaka 2024 waweza kuhama zaidi ya mara moja bila adhabu, mradi masomo yao yaende vema. Hata hivyo, katika mpira huo mchezaji asiyezidisha michezo minne aweza kuuhifadhi mwaka wake. Ndiyo sababu wengine huacha timu mapema, ili mwaka huo ukatumike kwingine.

Mwezi wa Septemba 2024 Matthew Sluka, aliyekuwa ametoka Holy Cross, chuo cha Wajesuiti, aliiacha timu ya Chuo Kikuu cha Nevada mjini Las Vegas baada ya michezo mitatu, nayo ilikuwa imeshinda yote. Upande wake ulisema kwamba aliahidiwa kwa mdomo dola 100,000 asilipwe. Chuo kikajibu kwamba madai hayo yalikuwa kinyume cha sheria. Sisi si mahakimu wao, lakini twaweza kujifunza.

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha mambo mawili pamoja: tajiri asimdhulumu mfanyakazi ujira wake, na mfanyakazi atimize kwa uaminifu kazi aliyoikubali kwa hiari na kwa haki. Kwa mafundisho hayo twasema hivi.

Kwanza, msimu ukiisha, kijana yu huru kwenda anakoona heri yake. Yeye si mali ya chuo.

Pili, msimu ukiwa umeanza, wenzake wamekwisha kumtegemea, na pengine mwingine alikosa nafasi kwa ajili yake. Kuwaacha kwa sababu tu kwingine kuna fedha zaidi ni kuwanyima haki yao.

Tatu, akiteswa, au afya yake ikihatarishwa, au chuo kikivunja ahadi kubwa ya kweli, hafungwi tena; aliyevunja mapatano ni yule mwingine.

Mtu atasema: Mbona walimu wa timu huhama? Ni kweli. Mwezi wa Novemba 2021 Brian Kelly aliihama Notre Dame, chuo kikuu cha Kikatoliki, hali timu yake imeshinda michezo 11 kati ya 12 na ingali na tumaini la ubingwa. Lakini mfano wa mkubwa haugeuzi kosa kuwa haki. Humwongezea mkubwa mzigo tu.

Mwaka 2025 wakuu wa michezo ya vyuo waliamua kwamba wachezaji wa mpira huo wawe na kipindi kimoja tu cha kuomba kuhama, mwezi wa Januari. Ni vema, lakini sheria hufunga mlango, haifundishi uaminifu. Hiyo ni kazi ya nyumbani.

Basi wazazi, kabla mtoto hajapanda ndege, dai kila ahadi iandikwe: karo, chakula, matibabu akiumia. Kisha mwambieni naye kwamba sahihi yake ina uzito uleule wa sahihi ya chuo.