Nani Alifunga, Nani Aliua? Kandanda, Maandamano na Sarufi ya Habari Magazetini

Utangulizi

Makala hii inajadili jinsi lugha ya magazeti inavyosawiri mashindano makubwa ya kandanda wakati jamii ina malalamiko. Kwa mujibu wa Entman (1993), mwandishi wa habari huteua baadhi ya vipengele vya tukio na kuvikuza, vingine vikafifia. Uteuzi huo ndio unaomwelekeza msomaji kutambua tatizo, chanzo chake na suluhisho lake.

Uchambuzi

Mnamo Juni 25 na Julai 7, 2025, Wakenya waliandamana, na watu wengi wakauawa. Agosti 2, mashindano ya CHAN yalianza, Kenya ikiwa mwenyeji pamoja na Uganda na Tanzania. Agosti 10, Kenya iliishinda Moroko 1-0 uwanjani Kasarani. Tulinganishe sentensi za aina mbili:

(a) Ogam alifunga bao dakika ya 42.
(b) Waandamanaji waliuawa.

Sentensi (a) ina mtenda, tendo na wakati. Katika (b), kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Hivyo msomaji humjua mfungaji kwa jina, ilhali muuaji hana hata kiwakilishi. Aidha, kijana anayeitwa "mhuni" barabarani mwezi Julai huweza kuitwa "shabiki mzalendo" mwezi Agosti.

Hatari ya sarufi hii huonekana zaidi Tana River. Katika delta ya Tana, watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, Agosti 22, 2012. Septemba 10, wengine 38 waliuawa Kilelengwani, wakiwemo polisi 9. Kuandika "Wapokomo dhidi ya Waorma" ni kuazima kihusishi cha uwanjani: pana timu mbili, idadi ya waliokufa inageuka mabao, na msomaji anaachwa akingojea marudiano. Kinachofifia ni chanzo: mashamba ya kandokando ya mto, na malka, yaani njia za mifugo kwenda kunywa maji. Mchezo huisha kipenga kinapolia. Mgogoro wa ardhi hauishi hivyo.

Hitimisho

Kandanda haina kosa, na furaha ya ushindi ni halali. Hoja yetu ni kwamba mhariri anayeweza kumtaja mfungaji na dakika yake aulizie pia nani aliua, wapi na kwa nini. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuichunguze kauli ya kutendwa nje ya darasa la sarufi, kwa kuwa ndani yake haki ya mtu huweza kupotea.