Mzigo Ukikwama Mpakani, Dalali Wako Ni Nani?

Nikiuliza kwa nini mtu hauzi nchi jirani, jibu ni lile lile: "Mpakani kuna usumbufu." Ni kweli upo. Lakini malalamiko yetu mengi yanaishia kwenye status. Leo tuone yanatakiwa yaende wapi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8, na chombo chake cha utendaji ni Sekretarieti, pale Arusha. Wengi wanadhani inaweza kumpigia simu afisa wa Namanga na kumwamuru. Haiwezi. Sera zinapitishwa na Baraza la Mawaziri, na kila nchi inatekeleza kupitia forodha yake.

Nguvu ya Sekretarieti ni ya dalali. Dalali wa nyumba hana nyumba, ila anajua nani anauza na nani anatafuta, na anawakutanisha. Sekretarieti nayo inawaita watu wa forodha, viwango, wizara na sekta binafsi, inaandaa ajenda na mapendekezo, halafu jambo linapanda kwa mawaziri. Asiye na mtu kwenye vikao hivyo, shida yake haijadiliwi.

Faida yake kwetu? Mfano ni cheti rahisi cha uasili. Bidhaa ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya, imo kwenye orodha iliyokubaliwa, na mzigo hauzidi dola 2,000 za Marekani, unapata cheti hicho pale pale mpakani na hulipi ushuru wa forodha. Angalizo: mzigo wa China haumo, hata kama umeununua Kariakoo. Na kodi nyingine au vibali vinaweza kuhitajika.

Sasa ukikwama, fanya hivi:

1. Andika ushahidi siku hiyo hiyo: tarehe, mpaka, bidhaa, ulichodaiwa. Tunza risiti.

2. Taja kikwazo chenyewe, hasira weka pembeni. "Wananionea" haimsaidii mtu. "Nimeambiwa nipime upya bidhaa yenye alama ya ubora ya TBS" inajadilika, maana alama hizo zinatakiwa kutambuliwa katika nchi wanachama.

3. Pitia chama. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lipo tangu 1997, lakini wanachama wake ni makampuni na vyama, sio mimi na wewe wa Instagram. Jiunge na chama cha wafanyabiashara wa eneo lako. Pia kuna kamati za kitaifa za kufuatilia vikwazo visivyo vya kiushuru, na tangu 2017 Jumuiya ina sheria ya kuviondoa.

Sikudanganyi, njia hii ni ndefu. Mzigo wako wa leo huenda usipone. Ila kikwazo kikiripotiwa na watu ishirini kwa maneno yanayofanana, dalali anapata cha kupeleka mezani.

Wewe unauza nini nje, na kinakwama wapi? Andika hapo chini: bidhaa, mpaka, tarehe.