KOMPYUTA HUANZA KUHESABU SAA WAPI?

Sisi Waswahili tunaihesabu siku tangu jua lichomoze, ndiyo maana asubuhi tuna saa moja. Je, kompyuta nayo huanzia wapi?

Nilipouliza hivyo darasani, wenzangu waliangua kicheko. Kumbe jibu lipo! Kompyuta za mfumo wa Unix huhesabu sekunde tangu usiku wa manane, tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Hapa Kenya ilikuwa saa tisa usiku. Siku ina sekunde 86,400 (60 × 60 × 24), basi tarehe 2 Januari ilianza na 86,400.

Ijumaa, 13 Februari 2009, hesabu ilifika 1234567890. Wapenzi wa kompyuta katika miji mbalimbali duniani walikusanyika kuingoja sekunde hiyo, wakashangilia. Kenya ilikuwa tayari Jumamosi, saa nane na dakika 31 usiku, watu wamelala fofofo!

Lakini si vigelegele tu. Mashine nyingi za zamani huandika hesabu hii katika vijumba 32 vya sifuri na moja, viitwavyo biti. Nambari kubwa kabisa inayoenea humo ni 2147483647, nayo itafika 19 Januari 2038. Sekunde itakayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901! Dawa yake ni biti 64. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zoezi: wewe umeishi sekunde ngapi? Haya, kalamu mkononi!