SELI, MAJI NA CHUMVI: SOMO LILILOMO KATIKA PAKITI YA ORS



Ndugu mwanafunzi, katika Suratul Anbiyaa aya ya 30 Allah (s.w.) anatukumbusha kuwa kila kilicho hai kimetokana na maji. Leo tuangalie maji hayo yanavyoingia na kutoka katika seli.

1. Mlango wa seli

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba sana unaochagua cha kupitisha. Oksijeni hupita yenyewe, kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo. Hiyo ni difyusheni. Maji nayo huelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Hiyo ni osmosisi. Ushahidi uko jikoni: nyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari, na baada ya muda utakuta maji kwenye bakuli. Yametoka ndani ya seli za vitunguu.

Chumvi na sukari hazipiti hovyo, bali zina milango yake. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kuwa seli za utumbo mwembamba zina mlango unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Zikiingia, maji huzifuata.

2. Kipindupindu

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa huu ulikuwa mkoani kwetu Simiyu. Sumu ya vijidudu vyake hulazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, na maji hufuata. Mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Lakini kwa rehema za Allah, ule mlango wa sukari na chumvi huendelea kufanya kazi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 hadi chini ya 4 katika kila wagonjwa 100.

3. Tahadhari

Mama mmoja mtaani kwetu alikoroga pakiti nzima ya ORS kwenye glasi moja ili "iwe kali". Alhamdulillahi, jirani alimuwahi. Kumbuka kachumbari: kinywaji kizito huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza. Pakiti ya lita moja ikorogwe katika lita moja kamili ya maji safi na salama. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, mtoto aendelee kunyonya, na mkimbizeni kituo cha afya. Kumnyima maji anayeharisha ni kumuangamiza.

Mazoezi

(a) Taja tofauti ya difyusheni na osmosisi.
(b) Kwa nini maji matupu hayatoshi kwa mgonjwa wa kipindupindu?
(c) Wafundishe wazazi wako kipimo sahihi cha ORS.