Zaka na Binti Asomaye Uhandisi

Tumeulizwa katika darsa yetu: binti wa Kiislamu, fakiri, amepata nafasi ya kusoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, baina ya Ruiru na Thika. Je, yajuzu kupewa zaka ili asome?

Jibu: yajuzu. Mwenyezi Mungu amewataja wanaostahiki zaka katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba, na wa mwanzo wao ni mafakiri na masikini. Mwanafunzi asiye na kitu yumo humo. Akisema mtu, "Huyu ana nguvu, na akafanye kazi," basi Imamu Nawawi katika Majmuu amekwisha kulijibu hilo: aliyeshughulika na elimu ya sheria, ambaye akishika kuchuma elimu itamkatikia, zaka ni halali kwake, kwani elimu hiyo ni faradhi ya kifaya. Maneno yake yahusu elimu ya sheria, wala hatulifichi hilo. Lakini itazame illa yake. Imamu Ghazali katika Ihyaa amezihesabu tiba na hisabu na misingi ya ufundi kuwa faradhi za kifaya vilevile, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi na hali miji haina tabibu Muislamu. Nasi leo, katika miji yetu, tuna wahandisi wangapi wa maji, wa umeme na wa majengo? Illa ikiwa ni moja, hukumu ni moja. Na katika illa hii hatuoni tafauti ya mume na mke.

Sasa tuje penye uzito. Bodi ya Serikali ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa 1995, imekuwa ikitoza asilimia 4 kwa mwaka kwa wanaosomea shahada ya kwanza. Sisi juu ya mimbari twasema riba ni haramu, nayo ni haramu kweli. Binti mcha Mungu husikia, akauacha mkopo, kisha akaiacha na nafasi yake. Ndugu zangu, tumempa nini badala yake? Kumfungia mtu mlango wa haramu, na wa halali tusimfungulie, si islahi. Wala mali haikukosekana. Arusi zetu zashuhudia.

Wako wasemao: Juja ni mbali, na msichana hana maharimu huko. Neno hili si la kudharauliwa. Basi na apelekwe na walii wake, na msaada usikome kwenye karo. Ulipe na kodi ya chumba, akae na wasichana wenziwe waaminifu. Ulipe nauli, chakula na kompyuta ya masomo. Binti aliyelipiwa karo kisha akahangaika Ruiru na Thika kutafuta pa kulala, hakusaidiwa sawasawa. Ila ijulikane kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii zaka hupewa mstahiki ikawa milki yake; haijengewi nyumba. Atakaye kujenga bweni la wasichana na aweke wakfu, au atoe sadaka.

Jambo hili si bidaa. Bibi Zubeida, mkewe Harun Rashid, alitoa mali yake ili mahujaji wa Makka wapate maji, na mifereji ile ilikuwa kazi ya wahandisi. Na hapa Mombasa, chuo cha ufundi cha Waislamu, M.I.O.M.E., kilianza kusomesha 1951 kwa michango ya Seyyid Khalifa bin Harub wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na wengineo. Hakuulizana mtu madhehebu. Ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Wengi wetu hutoa zaka mwezi wa Ramadhani. Basi kila msikiti na uandike majina ya mabinti hawa kabla ya Shaabani kwisha, kwa siri, pasi na kuwafedhehesha. Na kwa kuwa shahada ya uhandisi hapa Kenya ni ya miaka mitano, wasichukuliwe mabinti kumi mwaka huu ikiwa mali yatosha kuwafikisha wawili.