Mlango wa Kabati Bovu Ugeuzwe Ubao wa Mtoto

Mlango wa kabati bovu usiishie jikoni kuwa kuni. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na moshi wake ni sumu. Mlango huo ukiwa mzima, waweza kuwa ubao wa mtoto kujifunzia herufi na hesabu pasipo kumaliza madaftari.

1. Ng'oa bawaba na komeo. Osha mlango kwa maji na sabuni hadi mafuta yaishe.

2. Uloweshe, kisha uusugue kwa msasa wa maji. Usiusugue ukiwa mkavu, kwani vumbi lenye risasi, hata kidogo, hudhuru ubongo wa mtoto. Watoto na wajawazito wakae mbali. Masalia ya rangi yafutwe kwa kitambaa, yafungwe mfukoni na kukabidhiwa wazoa taka, yasimwagwe mtaroni. Mlango ambao rangi yake inabambuka haufai kwa kazi hii.

3. Ukikauka, paka rangi ya msingi. Kisha paka rangi ya ubao mara mbili, tabaka nyembamba: ya kwanza kwa wima, ya pili kwa mlalo.

4. Subiri siku 3. Laza chaki ubavu, paka ubao wote, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Hatua hii ikirukwa, maandishi ya kwanza huacha alama zisizofutika.

Ubao utundikwe imara, kwenye kimo cha macho ya mtoto.